Mawimbi ya Redio ni Mali ya Wananchi, si ya Mwenye Mnara



Ziko mali mbili katika nchi hii ambazo hakuna mtu aliyezitengeneza kwa mikono yake. Ya kwanza iko chini ya udongo: almasi, dhahabu, shaba. Hiyo mnaijua, maana mnaitolea jasho kila siku. Ya pili haionekani kwa macho, wala haipimwi kwa mizani ya wanunuzi wa almasi. Ni njia za hewani zinazopitisha sauti ya redio na picha ya televisheni. Njia hizo zinapita juu ya Makiso na Mangobo, juu ya Tshopo na Kabondo, zinavuka mto mpaka Lubunga, zinaingia msituni hadi kwenye mashimo ya wachimbaji. Zinaingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi. Je, ni za nani?

Wengi wakiulizwa hujibu: ni za mwenye kituo. Amenunua mitambo kwa franga zake, amesimamisha mnara, basi ni mali yake. Sisi tunasema hapana. Mnara ni wake. Kiti na meza na kinasa sauti ni vyake. Lakini njia ya hewani si yake. Ameazimwa na wananchi, na mwenye kuazimwa ana masharti.

Mfanyakazi wa mgodi ataelewa jambo hili upesi kuliko mwanasheria. Kompani ikipewa mgodi haipewi nchi. Inapewa kibali, na kibali kina mipaka na kina mwisho. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilisema kwamba udongo na vyote vilivyo chini yake ni vya Leta ya Kongo. Na sheria ya migodi ilipobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, iliongezwa kanuni kubwa: mwenye kibali cha kuchimba lazima akae na watu wa mahali pale, waandikiane daftari la masharti, yaani barabara gani itatengenezwa, shule gani itajengwa. Tena lazima atenge sehemu 0.3 kwa kila 100 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kama daftari linafuatwa au halifuatwi, hilo ni shauri jingine, nasi tutaendelea kulipigania. Lakini daftari liko katika sheria.

Basi leo tunauliza swali moja tu: daftari la masharti la redio na televisheni liko wapi? Nani amewahi kukaa na mama wa Mangobo, au na mvuvi wa Wagenia, au na mchimbaji, akamwuliza: kituo hiki kinachotumia hewa yako, kimekufaa nini?

Tuangalie kwanza tulikotoka, kwa maana asiyejua alikotoka hupotea njia.

Redio katika nchi hii haikuanza kwa ajili yetu. Mwaka 1937 mapadre Majezuiti walianzisha Radio Léo katika Léopoldville. Tarehe 1 Oktoba 1940, wakati Ubelgiji yenyewe ilipokuwa imeshikwa na Wajerumani, serikali ya koloni ilifungua Radio Congo Belge. Mzungu alikuwa akisema na Mzungu mwenzake. Ilipofika mwaka 1949 ndipo yalipoanza matangazo yaliyopangwa kwa ajili ya Waafrika. Hata hapo Bula Matari ndiye aliyechagua habari, ndiye aliyepima kila neno. Tulipewa masikio, hatukupewa mdomo.

Ukaja uhuru. Mnamo Septemba 1960 kila Mkongo alionyeshwa wazi nguvu ya redio. Jioni ya tarehe 5, Rais Kasa-Vubu aliingia redioni Léopoldville akatangaza kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Lumumba, ambaye zamani alifanya kazi ya posta katika mji wetu huu, alikwenda kwenye redio ile ile usiku ule ule akajibu. Kesho yake Umoja wa Mataifa ulikifunga kituo. Kufunga kule hakukuwaumiza wote sawasawa, kwa sababu ng'ambo ya mto kulikuwa na redio ya Brazzaville, na mlango wake ulikuwa wazi kwa Kasa-Vubu. Tarehe 11 Lumumba alipokwenda tena kituoni, askari wa Ghana waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walimzuia. Tarehe 14 Kanali Mobutu akatangaza kwa redio kwamba amewaweka wanasiasa pembeni. Hesabu siku: ni tisa tu. Serikali iliyochaguliwa na watu iliangushwa, na kinasa sauti kilifanya kazi kubwa kama bunduki.

Tangu siku zile, kila aliyetaka nchi alitafuta redio. Simba walipouteka mji huu mwezi wa Agosti 1964, Radio Stanleyville ikawa sauti yao, mpaka askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 Novemba. Mwaka 1966 televisheni ilianza Kinshasa, nayo ikawa kioo cha mtu mmoja. Wazee wanakumbuka jinsi habari za televisheni ya Zaire zilivyoanza: kichwa cha Mobutu kikishuka kutoka mawinguni, kama kwamba ndiye mwenye mbingu. Picha ile ilisema kweli moja bila kujua. Ilisema kwamba hewa yote imetekwa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alikubali kwamba chama kimoja kimekwisha. Mkutano Mkuu wa Taifa ulipokaa Kinshasa chini ya uongozi wa Monseigneur Monsengwo, askofu mkuu wetu wa Kisangani wakati ule, watu waliuzunguka kila mkebe wa redio ili wasikie maneno yaliyosemwa mle ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa vijana wengi kusikia Mkongo akimpinga mkubwa hadharani kwa redio ya Leta. Kisha sheria ya tarehe 22 Juni 1996 ikaweka kanuni za uhuru wa magazeti, redio na televisheni. Halafu vita ikarudi. Tarehe 23 Agosti 1998 waasi wa RCD waliingia mjini, na toka siku hiyo hewa ya Kisangani ikasema lugha ya mwenye bunduki. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika njia zetu na juu ya nyumba zetu. Mwaka 2002, tarehe 25 Februari, ilianza Radio Okapi, na Kisangani ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuwa na studio yake. Ilisema kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo. Watu wa pande zote za mstari wa vita walisikia habari moja.

Ndugu, mnaona mambo yanavyofuatana. Kinasa sauti kilitoka kwa mkoloni kwenda kwa mwanasiasa, kwa askari, kwa chama kimoja, kwa mwasi. Mwananchi alibaki palepale, ameketi chini, anasikiliza. Leo minara ni mingi: ya Leta, ya kanisa, ya mfanyabiashara, ya mtu anayetaka kura. Tunafurahi kwamba ni mingi. Lakini wengi si sawa na wote. Kama wenye minara ishirini wote wanamwimba anayelipa, hiyo ni redio moja yenye midomo ishirini.

Mambo tunayoyaona mnayajua. Mchimbaji mmoja alikuja mjini kueleza kwamba shimo limeanguka na wenzake wamefunikwa. Alifika kwenye kituo fulani, hatukitaji jina, akaulizwa kwanza: umeleta franga ngapi za kumwezesha mwandishi? Sisi tunaita jambo hilo coupage. Hakuwa nazo. Jioni ile kituo kilisoma kwa muda mrefu salamu za sikukuu ya kuzaliwa za mkubwa mmoja. Hatumlaumu mwandishi peke yake, kwa maana naye ana njaa, na mara nyingi mshahara wake ni jina tu. Lakini tunauliza: hewa iliyobeba salamu zile ilikuwa ya nani?

Tena tumeona upande wa pili. Mahali pengi katika nchi yetu kituo kikisema neno lisilompendeza mkubwa, kinafungwa kwa amri ya mtu mmoja, na wasikilizaji hawaulizwi. Wakati wa kufungua hatuulizwi, na wakati wa kufunga hatuulizwi. Sisi tumekuwa wapangaji katika nyumba yetu wenyewe.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Tutaangalia Marekani, nchi ambayo televisheni ilikua upesi, na ambayo wakubwa wengi hupenda kuitaja kama mfano wa biashara huru. Huko, katika miaka ya 1920, kila aliyekuwa na franga alifungua redio, sauti zikagongana hewani mpaka hakuna aliyesikia kitu. Basi sheria ya mwaka 1927 ikasema: mwenye kituo hapati mali, anapata ruhusa tu, kwa muda, na lazima kituo chake kilete faida kwa watu wote. Sheria ya mwaka 1934 ikaunda tume ya mawasiliano, FCC, ya kutoa ruhusa hizo na kuzinyima. Televisheni ilipozidi, mwaka 1948 tume ilisimamisha vibali vipya kwa karibu miaka minne ili kupanga hewa vizuri. Ilipofungua tena mwaka 1952, njia 242 ziliwekwa akiba kwa ajili ya elimu tu, wasije wafanyabiashara wakazimaliza zote. Kumbukeni jambo hilo: hata nchi ya matajiri iliona kwamba hewa haiachwi sokoni yote.

Lakini sheria nzuri katika karatasi si haki. Katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, kulikuwa na televisheni iitwayo WLBT. Karibu watu 45 katika kila 100 waliofikiwa na kituo hicho walikuwa Weusi. Kituo hakikuwaona. Vipindi kutoka New York vilipoonyesha mtu Mweusi akidai haki yake, picha ilikatwa, likaja tangazo kwamba waya umeharibika. Waya haukuharibika, ndugu. Kilichoharibika ni moyo wa mwenye kituo. Medgar Evers, kiongozi wa Weusi pale, alidai kwa miaka apewe nafasi ya kujibu. Aliipata Mei 1963. Mwezi uliofuata aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake.

Hapo watu walifanya nini? Hawakuvunja mnara. Mwaka 1964, wakisaidiwa na mchungaji Everett Parker wa kanisa la United Church of Christ, walikaa ndani ya nyumba mbele ya televisheni zao wakafuatilia yote yaliyopita kwa wiki nzima: nani alionyeshwa, nani hakuonyeshwa, neno gani lilitumika. Kisha, muda wa kibali ulipokwisha, Aaron Henry na mchungaji Robert Smith, watu Weusi wa Mississippi, pamoja na kanisa hilo wakaenda kwenye tume wakasema: tunapinga kisipewe tena.

Tume ikawajibu nini? Iliwaambia: ninyi ni watazamaji tu, hamna haki ya kusema hapa. Wenye haki ni wenye biashara. Walikwenda mahakamani. Mwaka 1966 mahakama ikaamua kwamba msikilizaji na mtazamaji naye ana kiti katika shauri la kibali, kwa sababu njia za hewani ni za watu wote. Mwaka 1969 mahakama ikakiondoa kibali cha mwenye kituo. Mwaka 1971 uendeshaji ulikwenda kwa chama kisichotafuta faida, na baadaye Mweusi akawa mkurugenzi wa kituo kile kile kilichokuwa kikikata picha za Weusi.

Hatusemi Marekani ni paradiso. Kanuni yao ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo viwape nafasi watu wa mawazo mbalimbali ilifutwa na tume yenyewe mwaka 1987, na leo fedha inasema kwa sauti kubwa kule kama hapa. Tunasema tu kwamba watu maskini, wanyonge, wasio na mnara hata mmoja, walishinda kwa daftari na kalamu na umoja.

Turudi nyumbani. Je, sisi hatuna sheria? Tunazo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 24, inasema kwamba redio, televisheni na magazeti ya Leta ni huduma ya watu wote, na mawazo yote ya siasa na ya jamii yapate nafasi kwa haki. Kifungu cha 212 kimeweka baraza la kusimamia mambo haya, CSAC, ambalo sheria yake ni ya tarehe 10 Januari 2011. Someni vizuri kazi yake: ni kulinda uhuru wa habari, kuangalia adabu ya kazi, na kuhakikisha kwamba vyama vya siasa, mashirika na wananchi wanafikia vyombo vya Leta kwa haki. Wananchi! Neno hilo limeandikwa. Halikuandikwa kwa makosa. Na tarehe 13 Machi 2023 imekuja sheria mpya ya habari, redio na televisheni, badala ya ile ya 1996.

Basi kinachopungua si karatasi. Kinachopungua ni mtu wa kuishika karatasi na kuuliza. Mwananchi anakumbuka baraza baada ya maumivu tu, wakati kituo kimekwisha kumtukana au kimekwisha kufungwa. Sisi tunataka aulizwe kabla.

Mtu mmoja atasema: mnataka kuwaziba mdomo waandishi. La. Daftari la masharti ni ngao ya mwandishi mwema. Kituo chenye ushahidi kwamba kinawatumikia watu, mkubwa hawezi kukifunga usiku kwa karatasi moja, kwa sababu wasikilizaji watasimama mlangoni.

Mwingine atasema: siku za redio zimekwisha, leo ni simu. Ndugu huyo hajalala msituni penye shimo lisilo na mtandao, ambako mkebe wa redio wenye betri mbili ndio unaowaambia watu kama njia ina amani. Na hata simu inapita katika hewa ile ile.

Mwingine tena atasema: maneno ni maneno, hayaui. Huyo amesahau Rwanda. Redio RTLM ilianza mwaka 1993, na mwaka 1994 ilikuwa ikichochea watu kuua jirani zao. Mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha iliwahukumu viongozi wake mwaka 2003. Nasi hapa hatuko mbali na moto. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umechoma vijiji, na watu wamekimbilia mjini na mizigo kichwani. Katika hali kama hiyo kinasa sauti ni kama kiberiti: kinaweza kuwasha taa, kinaweza kuwasha nyumba. Hatuwezi kumwachia mtu yeyote kiberiti bila kujua anaitwa nani na amefanya nini nacho.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu, nayo si makubwa.

Kwanza, kila kituo kinachotumia hewa ya Tshopo, kiwe cha Leta, cha kanisa au cha mtu binafsi, kiandike daftari la masharti na wasikilizaji wake, kwa lugha wanayoisema. Kieleze saa ngapi za habari za hapa, saa ngapi za elimu na afya, na kwamba habari ya kifo cha mchimbaji haitozwi franga hata moja.

Pili, kabla kibali hakijatolewa au kurudishiwa, CSAC iite mkutano wa watu hadharani, Kisangani na ng'ambo Lubunga, wananchi waseme. Na kituo kisifungwe kwa amri ya mkubwa mmoja bila sababu kusomwa mbele ya watu na mwenye kituo kupewa nafasi ya kujibu.

Tatu, na hili halimngoji mtu wa Kinshasa: tuanze wenyewe. Katika kila mtaa watu watano wachague wiki moja. Mmoja asikilize asubuhi, mwingine mchana, mwingine jioni. Waandike: nani amesema, dakika ngapi, mama wangapi, wafanyakazi wangapi, matangazo mangapi ya kulipwa, matusi mangapi ya kabila. Kazi hii inataka daftari moja na kalamu moja. Wenzetu wa Jackson hawakuwa na zaidi ya hapo. Wachimbaji wafanye hivyo kwenye kambi zao, na chama cha wafanyakazi kikusanye karatasi. Siku tutakayokwenda mbele ya baraza hatutakwenda na kelele, tutakwenda na hesabu. Mkubwa anajua kujibu kelele. Kujibu hesabu ni kazi ngumu.

Ndugu wasomaji, baba zetu waliambiwa kwamba udongo si wao, wakakataa. Wengine walilipa kwa damu katika mji huu. Tusikubali sisi kuambiwa kwamba hewa si yetu. Bandu bandu huisha gogo. Leo nunua daftari, ufungue redio, uandike mstari wa kwanza.